Kwa Kabula, Anayekwenda Kusomea Kutibu Samaki

Kabula mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Bujora kumuaga bibi, na najua hamtarudi mapema, kwa sababu bibi hamruhusu mgeni kuondoka kabla hajala mara mbili. Nimekaa kwenye meza ninayokatia vioo. Nimeifuta vizuri nisije nikakuandikia barua yenye vumbi la kioo. Matangi yetu manne yanatoa mapovu nyuma yangu, na jua la saa tisa linaingia dirishani mpaka kwenye karatasi. Kesho asubuhi basi linakupeleka Morogoro kusomea udaktari wa wanyama, na kila anayeuliza umeshamwambia kwamba unakwenda kwa ajili ya samaki.

Mambo ya begi, ya chakula cha njiani na ya kutompa mtu usiyemjua simu yako, mama yako ameshayasema, na bila shaka anayarudia huko mliko. Mimi nina lingine.

Jana shangazi yako alipokuuliza, "Sasa samaki naye anatibiwa? Samaki si anakaangwa?" watu wote sebuleni walicheka. Wewe pia ulicheka, kisha ukamjibu, "Shangazi, hata ng'ombe analiwa, lakini akiumwa unamwita daktari." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi. Nilirudi jikoni nikasimama peke yangu kidogo, kwa sababu uso wangu ulikuwa unacheka wenyewe na sikutaka watu waone baba mzima anavyojisikia.

Lakini barua hii si ya kukusifu tu. Kuna jambo nililifanya ulipokuwa darasa la tano, na sehemu yake uliijua vibaya kwa sababu mimi ndiye niliyekudanganya. Nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujaondoka.

Unajua nilianza kama fundi wa vioo Igogo, madirisha na vioo vya kabati. Halafu mwenye nyumba moja ya wageni akaniuliza kama naweza kumtengenezea tangi la samaki la kuweka mapokezi. Nikasema naweza, ingawa sikuwahi kutengeneza hata moja. La kwanza lilivuja, la pili likashika maji. Samaki niliwapata kwa wavuvi: furu, vile visamaki vidogo vya ziwani vyenye rangi, na gogogo, yule samaki mwenye ndevu ambaye ukimtoa majini analalamika kama mlango usiotiwa mafuta. Watu walimpenda gogogo. Walikuwa wakiomba nimtoe kidogo wamsikie, na mimi namtoa, nisijue namtesa. Kazi zikaongezeka. Watu wakaanza kuniita mtaalamu wa samaki, na mimi nikaitika. Kosa langu la kwanza ndilo hilo, kuitika. Nilikuwa najua kioo. Samaki nilikuwa nawaona tu kupitia kioo.

Basi, zahanati moja ya watoto, ambayo jina lake nitaliacha, iliniita niweke tangi kwenye chumba cha kusubiria. Mganga mfawidhi alikuwa mama mmoja mkali lakini wa haki. Alisema watoto wakitazama samaki hawalii sana wakiingia kuchomwa sindano. Ni kweli. Niliweka gogogo saba mle, na nimewahi kumwona mtoto mwenye homa akisahau homa yake kwa sababu gogogo mmoja amegeuka akaogelea tumbo juu, kama wafanyavyo wenyewe wakiwa na raha.

Pale zahanati kulikuwa na mama wa usafi, Mama Editha. Alikuwa mtu wa kibarua, hana barua ya ajira. Ndiye aliyekuwa akiwalisha samaki asubuhi kabla wagonjwa hawajafika, kwa hiyo ndiye aliyekuwa akiwaona kila siku. Mimi nilikuwa nakwenda mara moja kwa mwezi kuosha chujio.

Mwezi ule nilikwenda kwa haraka. Nikatoa sponji la chujio, nikaliosha kwenye bomba mpaka likawa jeupe kama jipya, nikalirudisha. Wewe ukisoma hapa umeshajua nilichofanya. Mimi sikujua. Sikujua kwamba ule utelezi wa kwenye sponji una viumbe wadogo wanaokula sumu ya mkojo na kinyesi cha samaki, na kwamba dawa iliyomo kwenye maji ya bomba inawaua. Nilifikiri naondoa uchafu, kumbe nimewaondolea samaki choo chao.

Baada ya siku sita nikapigiwa simu. Nilipofika, gogogo wote saba walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanahema. Gogogo! Samaki ambaye mchana kutwa hujificha chini ya jiwe. Wengine walikuwa wakijisugua kwenye kioo. Mama Editha akaja na ndoo yake, akaniambia kwa upole tu:

"Fundi, tangu siku ile ulipoosha lile sponji bombani, hawa hawajala. Kabla ya hapo walikuwa wazima."

Nikamjibu, "Mama Editha, wewe shughulika na sakafu, mimi nishughulike na samaki."

Kulikuwa na watu kwenye mabenchi. Walisikia, na mimi nilitaka wasikie.

Nikaamua ni wadudu wa ngozi, kwa kuwa nilishawahi kuwaona kwa perege na dawa nilikuwa nayo, ile chupa ya kijani niliyoletewa kutoka Dar. Sikupima maji. Sikuinama hata kuzitazama ndevu zao, ambazo nakumbuka sasa zilikuwa zimeanza kuliwa ncha. Nilimimina kipimo kizima kilichoandikwa kwenye chupa. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo yaliyosema samaki wasio na magamba wapewe nusu, tena kidogo kidogo, kwa sababu ngozi yao inaipokea dawa upesi. Hayo niliyasoma baadaye sana. Alasiri hali ilikuwa ile ile, nikaongeza kipimo cha pili.

Asubuhi walikuwa wamekufa wote saba. Watoto walikuwa wameshafika. Msichana mmoja mdogo alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, anamuuliza mama yake, "Wamelala?"

Mganga mfawidhi akatoka ofisini. "Fundi, kimetokea nini?"

Kabula, nilikuwa na nafasi ya kusema. Swali lilikuwa jepesi na jibu nilikuwa nalo, au angalau nusu yake: nimewapa dawa, wamekufa. Lakini Mama Editha alikuwa amesimama pembeni na ndoo ya maji yenye povu, na mimi nikasema, "Inawezekana maji ya sabuni yaliingia." Sikutaja jina la mtu. Niliitazama ndoo tu. Wote waliokuwepo wakaitazama ndoo.

Mama Editha alisema neno moja. "Mimi?"

Wiki haikuisha, wakamwambia asije tena.

Nilirudi nyumbani nikakukuta unafanya kazi za shule. Ulikuwa unawajua gogogo wale, uliwahi kwenda nami kuwaweka. Ukauliza wanaendeleaje, nikakwambia wamekufa, mama wa usafi aliwamwagia sabuni. Ulilia. Ukasema, "Huyo mama ni mbaya." Na mimi nikanyamaza. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, lakini kukuacha uende kulala na neno hilo juu ya mtu asiye na hatia, hilo ndilo lililokuwa likinirudia nikiwa nakata kioo, nikiwa kanisani, nikiwa nakula.

Miaka ikapita, ukafika kidato cha pili. Ulikuwa umeanza daftari lako la samaki, lile lenye jalada la bluu, nami nilidhani ni mchezo tu. Unaandika nani amekula, nani hajala, nani amebadilika rangi. Likizo ile gogogo wetu wa tangi la tatu wakapanda juu, wakawa wanahema. Nilichukua ile chupa ya kijani kutoka rafu. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko ulipoweka mkono wako juu ya mkono wangu.

"Baba, ngoja. Kwanza tuyaangalie maji."

"Kabula, hawa wanakufa. Hakuna muda wa kuangalia maji."

"Tangu uoshe sponji bombani hawajala. Nimeandika hapa, tazama. Siku ya Jumamosi uliosha, Jumapili wakala nusu, Jumatatu hawakula kabisa."

Ulidhani nimenyamaza kwa sababu ya hasira. Hukujua kwamba maneno yale nilishayasikia, karibu neno kwa neno, kutoka kwa mtu mwingine.

Ulikuwa na vile vikaratasi vya kupima maji ulivyopewa na mwalimu wako. Ukachovya, kikabadilika rangi, ukanionyesha: amonia, ile sumu ya mkojo wao, iko juu sana. Ukaniita niiname nawe, ukaniwekea tochi ya simu. "Ona ndevu, Baba. Zinaungua. Na hapa kwenye mzizi wa pezi pamekuwa pekundu. Wangekuwa na wadudu wa ngozi tungeona vidoa vyeupe. Vidoa viko wapi?" Havikuwepo. Ukaacha kuwalisha. Ukawa unatoa maji robo ya tangi kila siku na kuweka yaliyolala kwenye pipa siku mbili ili dawa ya bomba iishe. Ukachukua kipande cha sponji kutoka tangi la kwanza, ambalo nilikuwa sijaliosha, ukakiweka kwenye chujio la tangi la tatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo. Siku ya tano mmoja akashuka chini. Siku ya tisa wote walikuwa wamerudi chini ya mawe, isipokuwa mmoja aliyekufa, ambaye ulimwandika kwenye daftari pamoja na tarehe.

Nilikuwa nakujivunia mpaka najionea aibu. Kisha ukiwa unakausha mikono ukaniuliza, bila ubaya wowote, "Baba, wale wa zahanati nao walikuwa wanahema hivi?"

Nikasema sikumbuki.

Kesho yake nilikuaga nakwenda kufunga madirisha Kisesa. Haikuwa kweli. Nilikwenda kumtafuta Mama Editha. Ilinichukua asubuhi nzima kuulizia. Nikampata Igogo, karibu na ziwa, ana jiko na karai, anakaanga samaki. Nilisimama mbele yake kama mteja. Aliniangalia mara moja tu akanijua.

"Fundi."

"Mama Editha, shikamoo." Hanizidi sana kwa umri, lakini ndiyo salamu iliyonitoka.

Hakuitikia. Akageuza samaki wake. "Umekuja kununua?"

"Nimekuja kusema kwamba wale samaki niliwaua mimi. Sponji na dawa. Si sabuni yako."

Mafuta yalikuwa yanalia kwenye karai. Halafu akasema, "Mimi najua kwamba si mimi. Nilijua siku ile ile. Ile sabuni nilikuwa naileta mwenyewe kutoka nyumbani, naipima kwa kifuniko. Ningeimwaga kwenye tangi la samaki kwa ajili ya nini?" Akafuta mikono. "Kuniambia mimi hakunisaidii. Hukusema uongo kwangu, Fundi. Ulisema mbele ya watu. Kaseme kwao."

Akamwita jirani amshikie jiko, akavua aproni, akanitangulia. Kabula, sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, na si mbali.

Mganga mfawidhi alikuwa ameshahamia kwingine. Lakini karani wa mapokezi alikuwa yule yule, na wauguzi wawili waliokuwepo siku ile walikuwepo. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Mahali pa tangi pamewekwa kabati. Nikasimama hapo nikasema niliyoyafanya, yote, pamoja na kuitazama ndoo. Karani akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Fundi, umekuja kwa ajili ya samaki wa miaka minne iliyopita?"

Mama Editha akamjibu yeye, si mimi. "Si kwa ajili ya samaki. Ni kwa ajili yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Muuguzi mmoja, mtu mzima, alisimama akamshika Mama Editha mikono yote miwili. Wakamwambia wataulizia kama anaweza kurudi kazini. Akasema hapana, sasa ana jiko lake na hakuna anayemwambia asije. Tulipotoka nje nilitaka kumwomba msamaha mara ya pili, akanizuia kwa mkono. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Tulipofika kwenye jiko lake alifunga sato wawili kwenye gazeti akanipa. "Wapelekee watoto." Uliwala jioni ile, ukasema sijawahi kuleta samaki watamu kama wale, ukauliza nimewanunua wapi. Sasa unajua.

Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Nilijitetea kwamba bado mdogo. Hukuwa mdogo. Niliogopa kwamba utanitazama kama watu walivyoitazama ndoo.

Sikuandikii haya ili uniogopee au unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kujifunza kazi ambayo mgonjwa wake hasemi panapomuuma. Mbuzi atalia, ng'ombe atagoma kusimama. Samaki anakuachia ishara kidogo, ndevu iliyopungua ncha, tumbo lililopauka, mahali alipolala pasipo pake, na nyingine zinaonwa na yule anayefagia sakafu kila siku, si wewe unayefika na mkoba. Hayo unayajua kuliko mimi. Ambalo pengine vitabu havitakuambia ni jinsi mkono unavyokimbilia chupa pale watu wanapokutazama. Mimi sikumimina dawa ile kwa sababu samaki waliihitaji. Niliimimina kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa na mtu wa usafi alikuwa ameona kitu ambacho mimi sikukiona.

Sasa niandike lile ambalo limenifanya nichukue kalamu leo.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa Nahodha, yule mzee wa Igogo juu kwenye mawe, aliyeendesha meli za mizigo mpaka macho yalipomgomea. Tangi lake nililitengeneza mimi. Ndani yake alikuwa na samaki mmoja tu, kambare mkubwa aliyemlea tangu akiwa saizi ya kidole, akamwita Jirani. Tangu mkewe afariki, Jirani ndiye aliyekuwa akizungumza naye asubuhi. Kambare alikuwa amepata kidonda tumboni, na Nahodha akasema hataki fundi, anamtaka binti.

Uliifanya kazi vizuri, nilikuangalia. Ulipima maji. Uliuliza anakula nini na tangu lini. Ulilipata jiwe lenye ncha lililomkata, ukalitoa. Ukasema kidonda kimeingia uchafu, anahitaji dawa kidogo. Ukapima tangi kwa futi, urefu, upana, kina, ukapiga hesabu, ukaweka nusu ya kipimo kama inavyotakiwa kwa samaki asiye na magamba.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta Jirani amekufa. Nahodha alikuwa ametuwekea chai mezani kabla hajalisogelea tangi, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, na sisi ndio tulioona kwanza. Ulisimama pale mbele ya kioo. Niliona midomo yako inahesabu. Niliona macho yako yanashuka kwenye yale mawe makubwa yaliyojaza karibu nusu ya tangi, na kwenye maji yaliyopungua viganja viwili kutoka juu. Nikajua umeshaelewa, na mimi nikaelewa pamoja nawe.

Na hapa, Kabula, pamoja na yote niliyoyapitia, pamoja na Mama Editha na yale mabenchi, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nilimwambia yule mzee, "Nahodha, umeme ulikatika jana, huenda mashine ya hewa..." Hata haikuwa na maana. Kambare anapanda juu kuvuta hewa, na Nahodha analijua hilo kuliko mimi. Lakini ulikuwa wewe, na bado wiki chache tu uondoke, na sikuweza kuvumilia mtu akutazame vibaya.

Ukaniwekea mkono begani. "Hapana, Baba. Usiseme hivyo."

Halafu ukapiga magoti mbele ya kiti cha mzee ili akuone uso. "Babu, Jirani amekufa. Ni kosa langu. Nilipima tangi, sikupima maji. Mawe yamechukua nafasi nami sikuyatoa kwenye hesabu, dawa ikawa kama mara mbili. Pole sana, Babu."

Nilidhani Nahodha atatufukuza. Kisha akauliza, "Hesabu hiyo umeiandika mahali?"

"Nitaiandika leo, Babu."

"Iandike. Uende nayo huko chuoni." Akageuza uso dirishani. "Alikuwa anaijua sauti yangu, unajua."

"Najua, Babu. Nilimwona akikufuata."

Ulikaa naye mpaka alipomaliza kulia, ukachimba shimo nyuma ya nyumba kwa mikono yako, ukamzika Jirani. Wewe hukulia pale. Ulilia tukiwa tunashuka kwenye mawe, nami nilitembea nyuma yako nisikuone uso, kwa sababu nami nilikuwa na yangu.

Sikukuambia kitu siku ile. Tulifika nyumbani, ukaenda kwenye daftari, mimi nikaenda kwenye vioo. Nilikuwa natafuta maneno, na mpaka leo nimepata haya machache tu. Huko uendako utapoteza samaki wengine, na ng'ombe, na mbwa wa watu. Sina wasiwasi nawe. Nakujivunia, Kabula, si kwa sababu umefaulu, ingawa umefaulu. Mimi ilinichukua miaka minne kusema maneno ambayo wewe uliyasema kabla chai ya Nahodha haijapoa.

Ni mimi baba yako,
Fundi wa vioo, Buzuruga